Injini ya Pili

Mama Salma alinipa sharti moja tu, na alilitoa bila kuinua macho kutoka kwenye sinia la mchele aliokuwa akiuchambua.

"Ndege ya injini moja sipandi. Na wanangu hawapandi. Na mama yangu ndiyo kabisa."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila pingamizi isipokuwa hilo. Leseni yangu ya urubani ina miaka mitatu, na miaka yote hiyo nimerusha Cessna 172, ndege ya injini moja, viti vinne na roho ya punda: haikimbii, lakini haikutupi. Nimekwenda nayo Nanyuki kunywa chai na kurudi, mara nyingi peke yangu, mara chache na rafiki ambaye tangu siku ile hapokei simu zangu. Sasa nilitaka kuwapeleka watu wa nyumbani Lamu kwa Maulidi, na kumrudisha mama mkwe kwao baada ya miezi mitano ya kutibiwa magoti Nairobi. Magoti hayo hayawezi basi la Mombasa, kisha basi la Mokowe, kisha boti. Nilidhani nitashukuriwa.

"Gari letu lina injini ngapi?" nikamuuliza.

"Gari likizima naliweka kando ya barabara. Wewe utaiweka wapi?"

Nikatoa silaha ya historia. Nikamweleza habari za Beryl Markham, aliyejifunza urubani hapa hapa Kenya, na ambaye mwaka 1936 alivuka bahari ya Atlantiki peke yake, kutoka Uingereza hadi Kanada, kwa ndege ya injini moja.

Mama Salma akaacha mchele. "Akatua wapi?"

Hapo ningenyamaza. "Nova Scotia."

"Uwanja gani?"

"Si uwanja hasa. Palikuwa na tope. Injini ilizima."

Akarudi kwenye mchele wake.

Najua kuna ndege za abiria za kwenda Lamu. Tunaishi South C, ambako uwanja wa Wilson ni jirani wa ukuta kwa ukuta, na ndege hizo ndizo jogoo wetu wa asubuhi. Kila niliyemsimulia safari hii amenikumbusha habari zake, kwa upole ule wa kumweleza mgonjwa. Lakini mtu aliyelipia leseni kwa fedha za kuuza bereki na klachi pale Kirinyaga Road hawezi kukaa dirishani akimtazama mwingine akirusha. Basi nikaenda Wilson kutafuta ndege ya kukodi yenye injini mbili na viti sita.

Bei hutajwa kwa dola, kwa saa, na kwa sauti ya chini, kama daktari anayetaka kwanza ukae. Saa yenyewe si ya ukutani. Ni kidude kidogo kwenye dashibodi kinachohesabu tangu injini ziwake, hata kama umesimama foleni unasubiri wengine waruke, kama mita ya teksi iliyopandishwa mlima. Na ukilala na ndege safarini, unalipia saa kadhaa za kila siku hata kama haikuinua tairi. Tungekaa siku tatu. Nikapiga hesabu nikaona nitailipia ndege hii ikiwa imeegeshwa juani Manda kuliko ninavyolipia nyumba tunayokaa, na nyumba ina choo.

Aliyenitembeza kwenye mahanga ya ndege ni fundi mmoja mzee, mikono imelowa grisi hadi viwiko. Nilipomweleza sharti la mke wangu akacheka hadi akaweka spana chini.

"Injini mbili ni kama wake wawili," akasema. "Moja ikinuna, usidhani ya pili itakufanyia kazi zote. Itakuvuta upande wake tu."

Nilidhani ni mzaha wa wazee. Ni elimu ya anga, neno kwa neno. Injini iliyobaki iko kwenye bawa moja, na kitu kinachovuta kwenye bawa moja kinataka kuizungusha ndege. Unakanyaga usukani wa mkia kwa mguu mmoja, kwa nguvu zako zote, ili uende mbele badala ya kwenda duara.

Na hilo si baya kuliko yote. Mimi ni muuza vipuri. Katika duka langu, ukitoa moja kwenye mbili inabaki moja, yaani nusu. Hangani hesabu hiyo haifanyi kazi. Injini mbili zikiwa zima, sehemu kubwa ya nguvu zake huliwa na kazi ya kuiweka ndege hewani tu. Kinachobaki ndicho cha kupandia. Ikifa moja, ile nusu iliyobaki yote inakwenda kwenye kazi ya kukaa hewani. Uwezo wa kupanda hupungua kwa asilimia 80, wakati mwingine zaidi. Umelipia injini mbili, umebaki na robo ya matumaini.

Ya kwanza kuoneshwa ilikuwa Piper Seminole, ndogo, safi, injini mbili za nguvu farasi 180 kila moja. Nilijua ina viti vinne, lakini ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko zote, na bei ilikuwa imeshaanza kunishawishi tufanye safari mbili. Nikaomba kitabu chake. Kila ndege ya injini mbili imeandikiwa kimo: ukibakiwa na injini moja na mzigo kamili, hapo ndipo dari yako, usitarajie kupanda zaidi. Dari ya Seminole ni karibu futi 3,800.

Uwanja wa Wilson uko futi zaidi ya 5,500 kutoka usawa wa bahari.

Nilisoma mara mbili, kisha nikampa fundi asome. Yaani hapa Nairobi, ndege hiyo ikibakiwa na injini moja, dari yake iko chini ya sakafu. Lamu, ambako bahari inakuja kukugusa vidole vya miguu, ni ndege salama kabisa. Tatizo ni kwamba lazima kwanza utoke Nairobi. Na hizo futi 5,500 ni kabla ya kuhesabu joto. Mchana wa Februari, joto likifika nyuzi 28, hewa ya Wilson inakuwa nyepesi kiasi kwamba ndege inajiona iko futi zaidi ya 8,000. Inakimbia, inakimbia, na wewe unautazama ukuta wa mbele kama mkopaji anayemwona mdai wake.

Tukaenda kwenye Cessna 310, nzuri ya kupiga nayo picha, yenye matangi kwenye ncha za mabawa kama vijiti vya ngoma. Nikaambiwa matangi hayo ya nchani ndiyo makuu, na yale yaliyo ndani ya bawa ndiyo ya ziada, na kuna mpangilio wa kuanza na lipi umalizie na lipi. Nikasema ahsante. Nyumbani kwangu hata swichi ya maji ya moto na ya taa ya nje nimeziandikia karatasi.

Beechcraft Baron 58 aliipenda Mama Salma, siku niliyofanya kosa la kwenda naye. Ina milango miwili ya nyuma inayofunguka pamoja kama kabati la nguo, na ndani viti vinatazamana. Akakaa, akakunja miguu, akasema hii ndiyo. Inakwenda karibu kilomita 350 kwa saa. Inakunywa lita zaidi ya 110 kwa saa, na si mafuta ya taa hayo, ni Avgas, petroli ya ndege yenye rangi ya buluu ambayo si kila uwanja utaikuta. Nilipotajiwa bei ya saa moja nilimshika mkono nikamteremsha polepole, kama mtu anayemwondoa mtoto kwenye duka la midoli.

Halafu tukafika kwenye Piper Aztec. Pana, nzito, pua kama ya lori, aina ya ndege ambayo wazee wa Wilson wanaisifu kwa kubeba chochote utakachokiingiza mlangoni. Mama Salma akainama kusoma kibati cha mtengenezaji. Mwaka 1968. Akasimama wima, akaweka kiganja kwenye bawa.

"Shikamoo," akaiambia ndege.

Nikajitahidi kueleza kwamba umri wa ndege si kama wa binadamu, kwamba injini hufunguliwa na kufanywa upya kila zikitimiza idadi ya saa zilizowekwa. Akaniuliza kama magoti ya mama yake nayo hufanywa upya. Tukaondoka.

Kulikuwa na Partenavia P68 ya Kitaliano, bawa juu, madirisha makubwa, na magurudumu yasiyokunjwa, kwa hiyo hakuna wa kusahau kuyateremsha. Niliipenda. Mtu alikuwa ameshaikodi mwezi mzima. Kulikuwa pia na Diamond DA42 kutoka Austria, ya kisasa, dizeli mbili zinazotumia Jet A-1, mafuta yale yale ya ndege kubwa, na zinazotosheka na kama nusu ya wanachokunywa wenzake. Viti vinne. Wanaojua kutengeneza ndege isiyokula mafuta inaonekana hawajui kuzaa.

Ikabaki Seneca. Piper Seneca II ya miaka ya 1970, viti sita, injini mbili zenye tabo, ile pampu ya kusukuma hewa ninayowauzia wenye Subaru kila wiki. Kwa hewa nyepesi ya kwetu hiyo ndiyo dawa: kitabu kinaipa dari ya injini moja ya futi zaidi ya 13,000. Rafadha zake zinazunguka moja huku, nyingine kule, ili pasiwe na injini ambayo kifo chake ni kibaya kuliko cha mwenzake. Inakwenda karibu kilomita 300 kwa saa, inakunywa lita kama 90. Mlango wa nyuma upo. Mwaka wa kutengenezwa nikausimamia mbele, nikaufunika kwa mgongo.

"Hii," nikasema.

Kumbe kuchagua ndege ndiyo kazi nyepesi.

Kwanza nilisomea leseni ya injini mbili. Sitasema mengi. Mwalimu anakaa kulia, anasubiri umeanza kufurahia mandhari, anavuta kishikio kimoja nyuma na injini moja inanyamaza. Kazi yako ni kujua ni ipi, na siri ni kwamba mguu usiofanya kazi ndio ulio upande wa injini iliyokufa. Mguu mwingine unatetemeka kama wa mtu anayeshona kwa cherehani. Siku ya tatu niliingia nyumbani nikichechemea. Mama mkwe alinitazama, akaingia chumbani kwake, akatoka na chupa yake ya mafuta ya goti, akaiweka mezani mbele yangu bila neno. Tukawa wagonjwa wawili.

Pili, mzani. Ndege ndogo haijali heshima ya mtu, inataka kilo. Nilinunua mzani wa kukanyaga, nikauweka sebuleni, nikatangaza kwamba kila msafiri atapanda na namba itaandikwa kwenye daftari. Ili kuonesha mfano nikapanda mwenyewe. Nilikuwa nikijijua kilo 84. Mzani ukasema 88.

"Nimevaa viatu," nikajitetea.

"Uko miguu mitupu, Baba," akasema Salma, mwenye miaka kumi na sita na hana huruma. Yeye 57. Idi, wa miaka kumi na mitatu, 46. Jumaa, wa miaka sita, 21, akapanda tena na paka.

Mama Salma alisema tuandike 65 tusipoteze muda. Nikamwambia ndege haitaki 65 ya miaka ya uchumba. Akapanda, 79, akashuka haraka kama aliyekanyaga moto.

"Toa kilo mbili za buibui."

"Buibui nalo linasafiri."

Hatukuzungumza hadi magharibi.

Akabaki mama mkwe. Kwetu pwani mama mkwe haulizwi umri, sembuse kilo. Mkwe anayemwambia mama mkwe wake apande mzani mbele ya watoto anaweza kuandikiwa hilo kwenye kaburi lake. Nikatafuta njia ya adabu: kadi yake ya kliniki, ambayo huandikwa uzito kila anapokwenda kuonesha magoti. Nilisubiri aingie kusali, nikaifungua. Kilo 86. Nikaandika, nikamshukuru Mungu na sekta ya afya.

Lakini Jumaa alikuwa ameupenda mzani ule. Jioni, mimi nikiwa na wageni wawili sebuleni, nikasikia sauti yake kutoka korido, akisoma tarakimu mojamoja kama alivyofundishwa shuleni:

"Bibi! Tisa! Nne!"

Kimya. Wageni wakatazama vikombe vyao.

"Mzani huo ni mpya," mama mkwe akasema kwa utulivu. "Haujazoea watu." Akapita mbele yetu, akasimama kwangu. "Na hizo injini mbili zako, mwanangu. Mtu anayechukua viwili ni kwamba kimoja hakiamini."

Jumla ya familia, kilo 385. Kusema kweli, nilifurahi. Seneca niliyoikodi ilikuwa na uzito mtupu wa kilo 1,340, na inaruhusiwa kuruka na kilo 2,073. Tofauti ni 733. Nani anahitaji zaidi?

Bima, kumbe. Bima ilitaka niwe na saa nyingi zaidi juu ya ndege za aina hiyo kabla sijabeba watu wa kwangu peke yangu. Saa hizo nitazipata wapi? Kwa kurusha ndege za aina hiyo. Hadi nitakapozipata, mwalimu akae kiti cha kulia. Mwalimu ni mtu mwema, mpole, mchamungu. Nilipomuuliza uzito wake alinitajia kama mtu anayetaja namba ya simu: kilo 102.

Viti sita, watu saba. Tukakaa kikao.

"Huyo mwalimu anajua kurusha?" akauliza Mama Salma.

"Hiyo ni kazi yake. Ana maelfu ya saa."

"Basi wewe unakwenda kufanya nini?"

Walinitazama wote, hata paka. Na hoja ilikuwa haina pa kushika: mtu pekee asiyehitajika kwenye ndege niliyoichagua, niliyoisomea na nitakayoilipia, nilikuwa mimi. Sheria ndiyo iliyoniokoa. Bila mimi ndani, mwalimu akilipwa kubeba watu, safari hiyo si ya binafsi tena, ni biashara ya kusafirisha abiria, na hiyo ina vyeti vyake ambavyo ndege ile haina. Nililieleza hili mara tatu, kwa sauti, huku nikigonga meza.

Salma akaweka simu yake chini. "Mimi nitapanda ndege ya abiria. Nauli yangu haifiki saa moja ya ndege yako, Baba." Kilichoniuma si hesabu. Ni kwamba ujumbe wa malipo ulikuwa umeshaingia kwenye simu yangu.

Usiku wa kuamkia safari mwalimu alikuja kupiga hesabu ya mwisho. Toa Salma, weka mwalimu: kilo 430. Mizigo iliyopangwa mlangoni, kilo 60. Jumla 490. Akafungua kitabu, akaweka kidole.

"Tumezidi kilo 16."

"Haiwezekani. Nina 733."

"Hizo ni pamoja na mafuta. Kuna uzito bila mafuta. Seneca hii, kabla hujatia hata tone, isizidi 1,814. Toa 1,340. Watu na mizigo wana 474 tu."

"Basi tupunguze mafuta."

Akanitazama kwa huruma. Mafuta yako ndani ya mabawa, na bawa hewani hujibebea mafuta yake lenyewe. Kinacholikunja shinani ni kilichokaa katikati, yaani sisi. Hata ukiruka na mafuta ya kuvukia barabara ya Lang'ata, watu na mizigo wabaki 474. Nilikuwa nimetumia wiki tatu kupambana na namba isiyo sahihi.

Kilo 16 zikatafutwa kuanzia saa tatu usiku. Viatu vya Mama Salma jozi nne, akatoa moja. Vitabu vya Idi vilitoka kwa hiari, harakaharaka. Mkoba wangu wa ramani ukapendekezwa utoke, mwalimu akakataa, na nilimpenda wakati ule. Mwishoni tukafika kwenye kitu kilichofungwa kwa kanga mbili: sufuria la aluminiamu la pilau, zawadi ya harusi ya mpwa wa mama mkwe, pamoja na mfuniko, blenda, na kilo nne za chai ya Kericho.

"Lamu hakuna masufuria, Mama?" nikauliza, kwa unyenyekevu.

"Yapo. La kwangu halipo."

Salma akainua mkono. Ndege yake inaruhusu mzigo. Basi sufuria likaenda kwa ndege ya abiria, na mimi nikakodi injini mbili.

Ndani pia palikuwa na mpangilio. Wazito wasikae nyuma kabisa, ama mkia utakuwa na maoni yake. Mama mkwe na Mama Salma wakapangiwa viti vya kati, ambavyo kwa Seneca ile vinatazama nyuma.

"Mimi siendi Lamu kinyumenyume," akasema mama mkwe, mguu mmoja kwenye bawa, magoti yakilia.

"Utaiona Nairobi ikiondoka, Bibi," Idi akambembeleza.

"Nairobi nimeshaiona."

Kidude cha saa kilikuwa bado hakijaanza kuhesabu, nashukuru. Kilianza dakika kumi baadaye, tulipokuwa wa tano kwenye foleni, injini mbili zikinywa bila kwenda popote.

Lakini niseme haki. Tuliruka kabla jua halijashika kasi, na Seneca ikapanda juu ya South C kama inayokumbuka ujana. Niliona paa letu na tangi la maji. Tukaiacha mbuga ya Nairobi kulia, Ukambani ikafunguka chini, na kwa mara ya kwanza katika mwezi mzima hakuna mtu aliyeniuliza kitu. Huko juu, injini mbili zisipokwenda sawasawa, hata kwa mzunguko mdogo tu, hutoa sauti ya kupanda na kushuka: wuu, wuu, wuu. Nilikuwa nimeizoea, siisikii tena.

"Hizo zinagombana?" ikaja sauti ya mama mkwe kutoka nyuma.

Mwalimu akaniashiria vishikio vya rafadha. Nikakisogeza cha kulia kidogo, kama unayetafuta stesheni ya redio. Wuu ikarefuka, ikalegea, ikayeyuka ikawa mngurumo mmoja.

"Haya," mama mkwe akasema. "Zimepatana." Akalala hadi mto Tana.

Tulitua Manda baada ya saa moja na dakika arubaini, kutua ambako mwalimu alikuita kuzuri na Idi akakuita mara mbili. Salma alikuwa ameshafika. Amekaa kivulini, sufuria miguuni, anakunywa dafu. Mwalimu akakaribishwa kwa mama mkwe siku zote tatu, na hadi leo anatajwa nyumbani kwangu kama mfano wa kijana mwenye heshima.

Kutoka Manda hadi mji wa Lamu ni kwa boti, kuvuka mkondo. Tukaingia saba, na mizigo, na sufuria. Nahodha alikuwa kijana wa miaka kama ishirini, miguu mitupu. Nyuma kulikuwa na mashine moja, mfuniko wake umefungwa kwa kamba ya katani. Akavuta, ikawaka, tukaondoka. Nilimtazama Mama Salma. Alikuwa akimwonesha Jumaa minara ya misikiti.

Katikati ya mkondo mashine ikakohoa mara mbili, ikazima.

Maji yakaanza kutusogeza upande wa bahari kuu, taratibu, bila fujo. Nahodha akaanza kuifungua kamba kwa meno. Mama mkwe akafunga macho, anapunga upepo wa kwao. Mama Salma akaendelea na minara.

"Nahodha," nikasema kwa sauti ya kusikika na wote, "mashine ya pili iko wapi?"

"Ya pili?" Kijana alishangaa kweli. "Ya nini, mzee?"

"Baba Salma, usitutie aibu," mke wangu akasema. "Kuna kasia."

Hapo ndipo Salma alipotoa simu atuoneshe picha aliyopiga asubuhi Wilson, yeye mbele ya ndege yake, na sufuria. Ni ile Cessna Caravan, ndefu, mbawa juu. Niliichukua simu, nikaikuza picha kwa vidole viwili. Nikaikuza tena. Puani, rafadha moja. Kwenye mabawa, hakuna kitu.

Nikampa mama yake simu, bila neno, kama nilivyopewa chupa ya mafuta ya goti. Mwalimu akageuka kutazama mikoko. Mama Salma aliitazama picha ile muda mrefu, akairudisha kwa Salma, akajifunga mtandio wake vizuri.

"Ile," akasema, "ilikuwa na rubani."

Nahodha akavuta kamba mara ya tatu, mashine ikawaka.